Gomesi zangu hazionekani Google

SWALI: Kaka, mimi nashona gomesi, yale magauni ya sherehe ya kina mama wa Uganda, na kanzu hapa Jinja. Kijana fulani alinitengenezea tovuti, lakini nikitafuta Google siioni. Sasa anataka laki tatu zaidi aniwekee "maneno ya siri" nipande juu. Nimpe? (Mshonaji, Jinja)

JIBU: Dada, usimpe hata shilingi. Maneno hayo yanayofichwa nyuma ya ukurasa, Google ilishasema tangu 2009 kwamba haiyajali.

Kwenye Google andika neno "site:" ukifuatisha anwani ya tovuti yako, bila nafasi, uone kurasa zako ambazo Google inazijua. Mimi nimejaribu, haikuja hata kurasa moja. Nadhani kijana alipokuwa anajenga aliweka alama ya kuzuia Google isiingie, akasahau kuiondoa. Mwambie aiondoe, na bure, kosa ni lake.

Halafu kichwa cha ukurasa. Umeandika "Karibu". Nani anatafuta "karibu"? Andika "Fundi wa gomesi na kanzu, Jinja", maana mwenye kwanjula (sherehe ya kutambulisha mchumba) mwezi ujao ndivyo atakavyouliza. Ile gomesi ya zambarau ni nzuri kweli, ila picha yake ina megabaiti sita. Bando langu lililia. Ipunguze ifike kilobaiti 200 hivi. Bei nazo zitoe kwenye picha ya bango, uziandike kwa maneno.

Duka liweke pia kwenye ramani ya Google, ni bure. Wanaweza kukudai video ya uthibitisho: onyesha mtaa, kibao cha duka na cherehani zako. Ukimaliza, ngoja wiki kadhaa kabla hujaniandikia tena kwa hasira.