Gesi ya bomba kiwandani: umeme tu, au na mvuke?

Mkuu, umeuliza kama kiwanda cha nguo Dar kikiunganishiwa gesi kizalishe umeme wake au kiunguze gesi kwenye boila tu na umeme kiendelee kununua. Kwa kiwanda cha nguo, mimi ningefanya vyote kwa mpigo.

Injini ya gesi ikizalisha umeme peke yake, karibu asilimia 40 ya nishati ndiyo inageuka umeme. Nyingine inapotea kama joto. Moshi wake unatoka na nyuzi 400 hivi, huo unatosha kuchemsha mvuke. Maji yanayopoza injini yanatoka kwenye nyuzi 90, joto lake lihamishie kwenye maji ya kufua na kutia rangi. Ukivuna yote hayo unafika asilimia 80 hivi. Ila kama mahitaji yako makubwa ni mvuke kuliko umeme, angalia tabo ya gesi (turbine, mashine ya mapanga yanayozungushwa na gesi moto), maana joto lake karibu lote linatoka na moshi.

Kuhusu bomba: lile kubwa la Mtwara hadi Dar lipo tangu 2015, lakini kuwa karibu nalo si kuunganishwa. Gesi ile ina mgandamizo mkubwa, lazima kuwe na kituo cha kuupunguza na laini ya kukufikia. Ulizia TPDC (Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania) hilo kwanza kabla hujaagiza mashine.

Halafu pima mvuke wenu saa kwa saa, usiku na Jumapili pia. Zamu ya usiku ikisimama huku injini ikiendelea, joto lote linaishia hewani.