Kwa nini ombi la kujitoa liliwafikia watu wote?

SWALI: Ndugu mhariri, nimerithi makabrasha ya barua pepe za kikundi cha wataalamu wa miaka ya 1990. Kila kurasa chache mtu anaandika "SIGNOFF", kisha wenzake wanamkaripia. Kosa lake lilikuwa nini?

JIBU: SIGNOFF ilikuwa amri ya kujitoa, na kosa lake lilikuwa anwani. Orodha za barua pepe za namna hiyo, ambapo barua moja iliwafikia wanachama wote, zilikuwa na anwani mbili: moja ya kuzungumza na wanachama, nyingine ya programu iliyotunza majina yao. Programu iliyovuma zaidi ni LISTSERV, aliyoiandika Eric Thomas mwaka 1986. Amri ilipaswa kwenda kwa programu. Ukiituma kwenye orodha yenyewe, mamia ya watu wanaipokea na wewe unabaki mwanachama vilevile. Karipio lilikuwa kali mno kwa maoni yangu, ingawa siku ya watu kumi kuiga kosa hilo mfululizo lazima ilichosha.

Kujiunga uliandika SUBSCRIBE, jina la orodha, kisha jina lako, yote ndani ya barua; kichwa cha barua programu haikukisoma. Aliyesafiri alituma SET, jina la orodha na NOMAIL, sanduku lisifurike, kisha akirudi MAIL badala ya NOMAIL. DIGEST ilikufungia barua nyingi katika furushi moja. Mimi ningechagua hiyo.

Tazama pia kama walioshindwa kujitoa walikuwa wamebadilisha kazi, na hivyo anwani. Programu ilimtambua mtu kwa anwani aliyojiungia. Akiandika kutoka anwani mpya, iliona mgeni. Hapo alihitaji kumwomba msimamizi wa orodha amfute kwa mkono.