Nilikwenda kwenye taarabu, nikapiga picha na mwimbaji: je, swala zangu hazikubaliwi siku arobaini?

SWALI: Assalaamu alaykum, Shehe. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Ngamiani, Tanga. Tangu usichana wangu nampenda mwimbaji mmoja wa taarabu, na mwezi uliopita bendi yao ilikuja kupiga hapa mjini. Mume wangu aliniruhusu, nikaenda na shoga yangu. Tangazo lilisema saa tatu usiku. Mwenyewe akapanda jukwaani saa saba imeshapita. Nilimtunza elfu thelathini, na katika hizo elfu kumi ilikuwa ya mchezo wetu wa kina mama, nilishikishwa tu. Walipomaliza baunsa akatupitisha nyuma ya jukwaa. Nikamkuta kakaa kwenye kiti cha plastiki anakula chipsi, shati limelowa jasho. Akafuta mkono kwenye suruali, akanipa, tukapiga picha mkono wake ukiwa begani kwangu. Nikalia kama mtoto. Shehe, sijapata kulia hivyo nikisoma Qur'ani. Nilifika nyumbani alfajiri imekaribia, nikajitupa kitandani, nikaamka jua limepanda. Picha niliiweka status. Jirani alipoiona akaniambia aendaye kwenye ngoma swala zake hazikubaliwi siku arobaini. Nikaona basi, naswali za nini? Tangu siku ile sijaswali. Je, ni kweli? Je, mimi ni mnafiki? Na mwezi ujao mdogo wangu anaolewa, taarabu itapigwa. Nisiende?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Mwanangu, umeuliza mengi, na lile ulilolipitia haraka ndilo kubwa kuliko yote: hujaswali tangu siku ile. Basi kabla sijagusa taarabu wala picha, kama unasoma haya na wakati wa swala umeshaingia, weka simu chini ukatawadhe. Mengine utayakuta.

Aliyokwambia jirani hayakuja kuhusu nyimbo. Siku arobaini zimetajwa kwingine. Imam Muslim amepokea kuwa anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, haikubaliwi swala yake siku arobaini, na Tirmidhi na wengineo wamepokea mfano wa hayo kwa mnywaji wa pombe. Jirani kaichukua adhabu ya watu wengine akakuvisha wewe. Na hata hao waliotajwa hasa, hawakuambiwa waache kuswali. Imam Nawawi, alipoisherehesha hadithi ya mpiga ramli, ameeleza kuwa wanachokosa ni thawabu. Faradhi inawatoka na hawalazimiki kuirudia. Yaani mlevi na mtazamiwa ramli wote wanatakiwa waswali tano zao kama kawaida, ila wewe uliyekwenda kusikiliza kinanda ndiye umejifukuza kwenye mswala!

Qur'ani imekwenda kinyume kabisa na alivyokuelekeza jirani. Mtu mmoja alimbusu mwanamke asiyekuwa halali yake, jambo likamkaa moyoni, akaja kwa Mtume (s.a.w.) kueleza. Ikashuka aya ya 114 ya Surat Hud: ashike swala katika ncha mbili za mchana na sehemu za usiku, kwani hakika mema huondoa maovu. Yule bwana akauliza, "Hii ni yangu mimi peke yangu?" Akajibiwa kuwa ni ya umma wote. Wameipokea Bukhari na Muslim. Aliyeteleza aliambiwa aswali. Hakuambiwa akae pembeni kwanza mpaka atakate.

Sasa swala ulizoziacha utazilipa. Katika madhehebu yetu ya Kishafii aliyeacha bila udhuru hulipa mara moja, wala hajishughulishi na sunna mpaka amalize deni. Hesabu siku, na pale unapotia shaka lipa mpaka uwe na yakini. Zile ulizokuwa katika hedhi ziondoe, hazilipwi. Bibi Aisha amesema waliamrishwa kulipa saumu, hawakuamrishwa kulipa swala. Kila baada ya faradhi ya leo ongeza ya deni, na usiku watoto wakilala ongeza nyingine.

Alfajiri ya siku ile nayo ni katika deni. Mtume (s.a.w.) amesema aliyelala akapitwa na swala au akaisahau, aiswali anapoikumbuka. Nina neno dogo hapa lakini. Ulifika nyumbani imekaribia. Ungekaa macho kidogo tu, hata kwa kuosha vyombo, ungeswali kisha ukalala usingizi wako wote. Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia mazungumzo baada ya Isha, na sababu ni hii hii: anayekesha huiuza Alfajiri yake bila kujua bei.

Taarabu yenyewe sitakuficha: wanavyuoni wametofautiana, na anayekwambia hawakutofautiana ama hajasoma ama anakukata maneno. Wanaokataza wana aya ya 6 ya Surat Luqman kuhusu "maneno ya upuuzi", ambayo Ibn Mas'ud aliapa kuwa ni nyimbo, na wana hadithi ya Bukhari kuhusu watu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na vyombo vya muziki. Ibn Hazm aliitia kasoro sanadi ya hadithi hiyo, yaani mlolongo wa wapokezi wake, na wengi baada yake, akiwemo Ibn Hajar, wakamjibu. Wanaolegeza wana hadithi ya vijakazi wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Abu Bakr alipowakemea, Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache. Imam Ghazali katika kitabu chake Ihya hakuitupa sauti nzuri kwa kuwa ni nzuri. Alitazama nani anaimba, kwa chombo gani, anaimba nini, na msikilizaji inamfanya nini.

Sisi wa pwani vyuoni tumesomeshwa Minhaj, kitabu cha fiqhi cha Nawawi, na humo kuimba bila ala ni makuruhu, ala za walevi ni haramu, na udi, kile chombo cha nyuzi, umetajwa kwa jina, udi ambao ndio roho ya taarabu ya kale. Dufu limeruhusiwa harusini na kwenye tohara. Kauli hiyo ndiyo ninayoifuata mimi. Najua naandika kwa mtu wa Tanga, mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na najua wapo wanaoiharamisha taarabu juu ya mimbari kisha harusi ya binti yao ikapigwa rusha roho mpaka kuche. Hao wana hesabu yao. Wewe ukimfuata mwanachuoni anayeruhusu, kama marehemu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, sitakutoa katika dini, ila mfuate mpaka mwisho. Naye ameweka masharti: maneno yasiwe machafu, kusichanganyike na haramu kama pombe, na isikuondoe kwenye wajibu wako. Usiku wako umekwamia hapo pa mwisho, kwa kauli zote mbili.

Mkono na picha havina khilafu ndefu. Bibi Aisha amesema mkono wa Mtume (s.a.w.) haukupata kugusa mkono wa mwanamke wa kando hata katika kiapo cha utii. Na kwa Mashafii, ngozi yako ikigusana na ya mwanamume asiyekuwa maharimu, udhu umetenguka, hata kama moyoni hamna kitu. Mumeo alikuruhusu kwenda, bega hakuliruhusu. Ifute picha, katika simu yako na ya shoga yako. Status hujifuta yenyewe baada ya saa 24, lakini jirani keshaiona, na ndivyo lilivyofika kwake jambo ambalo lingebaki baina yako na Mola wako. Mtume (s.a.w.) amesema umati wake wote ni wenye kusamehewa isipokuwa wanaojidhihirisha. Kwa hiyo usiende sasa kuwasimulia watu toba yako pia.

Ile elfu kumi ya mchezo irudishe leo, hata kwa kukopa kwa mumeo. Ishirini yako ni yako, nayo utaulizwa ilivyotumika. Kumi ni amana, na toba haiifuti amana ya watu mpaka imfikie mwenyewe.

Nimeliacha nyuma swali la machozi kwa sababu ndilo lililonigusa. Kuipenda sauti si unafiki. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alisimama akasikiliza kisomo cha Abu Musa al-Ash'ari, akamwambia amepewa zumari katika mazumari ya ukoo wa Daudi. Na Hanzala, swahaba, alitoka mbio akisema "Hanzala kanafiki!" kwa kuwa mbele ya Mtume aliiona Pepo na Moto kana kwamba kwa macho, na akirudi kwa mke na watoto husahau. Akaambiwa kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Hadithi imo katika Muslim.

Kwa nini hukulia kwenye Qur'ani? Nionavyo mimi, jibu si la kutisha. Mwimbaji wako anaimba kwa lugha uliyonyonyea, unamwelewa neno kwa neno, na umemsikiliza tangu usichana, ukipika, ukifua, ukibembeleza mtoto. Qur'ani umeisoma kwa kukimbiza khitma. Chukua tafsiri ya Kiswahili, ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyotoka 1969 au ya Sheikh Ali Muhsin Barwani, usome Surat Yusuf usiku mmoja, polepole, hasa pale Yaakub anapogeuza uso na kusema "Ee huzuni yangu juu ya Yusuf!" na macho yake yanaingia weupe kwa majonzi. Wewe ni mama. Nadhani utafika aya ya 84 nawe hujamaliza kikombe chako cha chai.

Ninachokuhofia ni kipimo cha mapenzi yako. Bedui mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) Kiyama kitakuwa lini, naye akamuuliza amekiandalia nini. Akasema hana swala nyingi wala saumu nyingi, ila anampenda Allah na Mtume wake. Akaambiwa, "Utakuwa pamoja na umpendaye." Anas amesema hawakupata kufurahi kwa jambo baada ya Uislamu kama walivyofurahi kwa neno hilo. Yule bwana uliyemkuta anakula chipsi ni mja mwenye njaa na uchovu kama sisi, na huenda jina lako kalisahau kabla hujafika kwenye bajaji. Muombee heri, naye ana swala zake za kujibia. Ila usimpe nafasi ambayo mwenyewe hakuiomba.

Harusi ya mdogo wako nenda. Mtume (s.a.w.) alimuuliza Bibi Aisha, alipompeleka bibi harusi kwa mume wa Kiansari, kama hawakuwa na burudani yoyote, kwani Maansari wanapenda burudani. Kawahini mapema nyumbani, mshaurini mama yenu walete dufu na wapigaji wanawake kwa upande wa wanawake. Bei yake nayo ni nafuu kuliko bendi. Wakikataa, hudhuria nikaha na chakula, msindikize mdogo wako, na vinanda vikishapamba moto na wanaume wakichanganyika, aga uondoke. Wallahu aalam.