Maswali ya Wasomaji: Siku Moja Katika Korongo la Samaria

Barua kadhaa zilizotufikia zinauliza kuhusu Korongo la Samaria, lililoko kusini-magharibi mwa kisiwa cha Krete nchini Ugiriki, na namna ya kulipita kwa miguu kwa siku moja. Tumeziweka pamoja ili majibu yasaidiane.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tutakuwa mjini Chania kwa wiki moja mwezi Septemba. Tungependa kupita Korongo la Samaria lote kwa miguu, lakini bila kujiunga na kundi linaloongozwa na kampuni ya utalii. Je, inawezekana kuondoka Chania asubuhi na kurudi usiku uleule, na siku yenyewe ipangwe vipi?

Jibu: Inawezekana, dada yetu, na watu wengi hufanya hivyo kila msimu. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba safari hii huanzia mahali pamoja na kuishia pengine kabisa. Njia huanza Xyloskalo, ukingoni mwa uwanda wa Omalos, karibu mita 1,230 juu ya usawa wa bahari, na huishia kijiji cha Agia Roumeli kwenye ufuko wa Bahari ya Libya. Urefu wake wote ni kilomita 16: takriban 13 zimo ndani ya hifadhi ya taifa, na zilizobaki ni za kutoka lango la chini hadi kijijini. Agia Roumeli haina barabara ya magari inayoiunganisha na sehemu nyingine za kisiwa, kwa hiyo mtu aliyeteremka korongo hutoka kwa boti, la sivyo atoke kwa miguu.

Kwa sababu hiyo ninashauri siku hii ipangwe kinyumenyume. Anzeni kwa kuuliza boti ya jioni inaondoka Agia Roumeli saa ngapi siku mliyoichagua, kisha rudini nyuma hatua kwa hatua hadi mjue basi la kupanda asubuhi. Boti hizo huondoka alasiri kuelekea jioni. Baadhi huenda mashariki hadi Chora Sfakion zikipitia Loutro, na nyingine huenda magharibi hadi Sougia na Paleochora. Katika msimu wa watalii, mabasi ya kurudi Chania hupangwa yaondoke Chora Sfakion na Sougia baada ya boti kufika, ila ratiba hubadilika kati ya mwezi na mwezi. Muulizeni mhudumu wa kituo cha mabasi cha Chania siku moja kabla, na mnunue tiketi ya kwenda pamoja na ya kurudi. Msiende Omalos kwa gari la kukodi mkaliacha pale juu, kwa kuwa jioni mtajikuta upande wa pili wa milima huku gari likiwa limebaki mlikolianzia.

Sasa tuhesabu saa. Watu wengi wenye afya ya kawaida huchukua kati ya saa tano na saba kufika Agia Roumeli, mapumziko yakiwemo. Tuseme mmepanda basi la kwanza la alfajiri. Safari ya kupanda hadi Xyloskalo ni kama saa moja, hivyo mnaweza kuanza kuteremka kabla ya saa 2 asubuhi na kuwa kijijini kati ya saa 7 na saa 9 mchana. Hapo mtabaki na muda wa kula kwenye mojawapo ya migahawa na kuingia baharini, jambo ambalo miguu yenu itawashukuru sana. Wanaochukua basi la baadaye hujinyima nafasi hiyo ya ziada, na nafasi hiyo ndiyo inayomwokoa mtu aliyeteguka kifundo au aliyechoka mapema kuliko alivyodhani. Mkifika kijijini, jambo la kwanza liwe kununua tiketi za boti kwenye kibanda chake, na ndipo mwagize chakula.

Tiketi ya kuingilia hifadhini itunzeni mpaka mwisho. Walinzi huikagua tena kwenye lango la chini, na ndivyo wanavyojua kama kuna mtu aliyebaki ndani. Bahari nayo ina siku zake: upepo ukiwa mkali, boti huenda zisisafiri. Kwa hiyo chukueni fedha taslimu, vitambulisho na dawa mnazotumia kila siku, ili ikibidi kulala Agia Roumeli, ambako kuna vyumba vya kupangisha, usiku huo usiwe wa wasiwasi.

Swali: Mama yangu ana umri wa miaka 66 na hutembea kila asubuhi kwenye barabara tambarare. Amesikia kwamba korongo hili ni la kuteremka tu, akasema basi halitamshinda. Je, niende naye?

Jibu: Nimefurahi kwamba mama anataka kwenda, na umri wake peke yake si kizuizi. Ila hilo neno la “kuteremka tu” ndilo linalowaponza wengi. Kupanda hudai pumzi, na pumzi ikikatika mtu husimama akaivuta tena. Kuteremka hudai magoti na misuli ya mapaja, na hivyo vikichoka havirudi hali yake kwa kuketi dakika tano. Hapa karibu nusu ya kimo chote hushukwa katika kilomita nne za kwanza, kwa njia inayopinda huku na huku, yenye ngazi za mawe na vizuizi vya mbao pembeni, huku mlima Gingilos ukiwa umesimama ng’ambo wenye urefu wa zaidi ya mita 2,000. Mtu hufika chini ya sehemu hiyo akiwa bado na pumzi ya kutosha, akadhani kazi imekwisha, kumbe bado kilomita 12 za kokoto na mawe ya mtoni yanayobiringika chini ya unyayo.

Mazoezi ya barabara tambarare hayamwandai mtu kwa jambo hilo. Kama mna wiki sita au zaidi kabla ya safari, mtafutieni mama mahali penye ngazi nyingi au kilima, ateremke mara kadhaa kwa wiki, kwanza kwa muda mfupi kisha zaidi. Mnunulieni fimbo mbili za kutembelea, na azizoee mapema. Siku ya kwanza baada ya mazoezi aangalie magoti: yakivimba au yakiuma anaposhuka ngazi za nyumbani, hilo ni jibu la kutosha, na daktari aulizwe.

Hata hivyo mama hana haja ya kulikosa korongo. Kuna njia nyingine ambayo ningeipendekeza kwa familia nyingi kuliko zinavyoitumia: kwenda kwa boti hadi Agia Roumeli asubuhi, kisha kupanda polepole kutoka upande wa bahari hadi Sideroportes, yaani Malango ya Chuma. Hapo ndipo korongo linapobana kuliko mahali pengine pote. Kuta mbili za mwamba zinakaribiana hadi kubakia mita tatu au nne hivi kati yake, nazo zimepanda karibu mita 300 kwenda juu, hivi kwamba jua huingia kwa muda mfupi tu na upepo hupita pale kwa nguvu hata siku ya joto. Kutoka kijijini hadi hapo ni kama kilomita tano kwenda, kwa mwinuko mdogo, na mtarudi kwa njia hiyohiyo. Wewe ukitaka kulipita korongo lote, teremka kutoka juu, na mama akiwa na mwenzake wapande kutoka chini, mkutane hapo.

Swali: Nibebe maji kiasi gani, na viatu vya aina gani vinafaa? Rafiki yangu alivaa sandali na anasema hakupata shida.

Jibu: Rafiki yako alibahatika. Mawe ya njia hii yamesuguliwa na maji na nyayo za watu kwa miaka mingi hadi mengine yanang’aa, nayo huteleza hata yakiwa makavu. Vaa viatu vilivyofungwa vyenye soli ngumu yenye meno, ulivyokwisha kuvitumia kwa safari kadhaa. Kabla ya kuondoka, kata kucha za vidole vya miguu ziwe fupi. Katika mteremko mrefu vidole husukumwa mbele kwa kila hatua, na ukucha unaogonga ncha ya kiatu kwa saa tatu hugeuka kuwa mweusi jioni. Kaza kamba za viatu kwenye kifundo ili kisigino kikae nyuma, na uzilegeze kidogo ukifika sehemu tambarare. Beba jozi ya pili ya soksi, uzibadilishe katika kijiji cha zamani cha Samaria, karibu na katikati ya njia, na ukihisi sehemu inayowaka unyayoni simama papo hapo uifunike kwa plasta, kabla haijawa lengelenge.

Kuhusu maji, chupa moja ya lita moja hadi moja na nusu kwa mtu inatosha mwanzoni, kwa kuwa vituo vya mapumziko vina chemchemi zenye maji ya kunywa, pamoja na vyoo. Jaza kila unapopita, hasa kabla ya kuondoka kijiji cha Samaria, maana baada ya hapo njia iko wazi zaidi kwa jua. Chakula kibebe mwenyewe, kwa sababu ndani ya hifadhi hakuna duka. Kofia yenye ukingo mpana ni ya lazima. Pia weka sweta nyepesi mkobani: asubuhi pale Omalos kuna baridi kweli, hata kama Chania uliiacha ikiwa na joto.

Swali: Je, tunaweza kulala ndani ya korongo kwenye hema, na kumchukua mbwa wetu?

Jibu: Yote mawili yamekatazwa, pamoja na kuwasha moto, kuvuta sigara nje ya mahali palipotengwa, kuchuma mimea na kuoga katika kijito. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1962, na familia zilizokuwa zikiishi katika kijiji cha Samaria, karibu na kilomita ya saba, zikahamishwa. Nyumba zao za mawe bado zipo, nyingine zikitumiwa na walinzi. Hifadhi inalinda, pamoja na vingine, mbuzi mwitu wa Krete aitwaye kri-kri, ambaye ana uwezekano mkubwa wa kuonekana karibu na kijiji hicho, pale watu wanapopumzika na kufungua vyakula vyao. Naomba sana msimlishe. Mnyama aliyezoea mkate wa wageni huwa na shida msimu unapofungwa na wageni wanapotoweka.

Swali: Ni mwezi gani mzuri zaidi? Na tufanye nini tukikuta korongo limefungwa?

Jibu: Kwa kawaida korongo hufunguliwa mwanzoni mwa Mei na kufungwa kufikia mwisho wa Oktoba, kwa sababu mvua za majira ya baridi hukijaza kijito na kukifanya cha hatari. Binafsi ningechagua nusu ya pili ya Mei: maji bado yanatiririka na hupitwa juu ya madaraja madogo ya mbao, maua yapo, na joto halijawa la kuchosha. Mwisho wa Septemba ni chaguo langu la pili, nayo bahari ya Agia Roumeli wakati huo bado ina uvuguvugu mzuri. Julai na Agosti huwa na joto kali katika kilomita za mwisho, ambako miamba myeupe hurudisha jua usoni na kivuli huwa haba. Anayelazimika kwenda miezi hiyo asikose basi la kwanza.

Hata katikati ya msimu walinzi huweza kulifunga kwa siku moja au zaidi, iwe ni kwa mvua, upepo au joto la kupita kiasi. Wasilaumiwe, kwa kuwa hatari kubwa hapa ni mawe yanayoporomoka kutoka juu, na mvua ndiyo inayoyalegeza. Ndani mtakuta mabango yanayoonya kuhusu sehemu hizo. Mkiyaona, piteni bila kusimama na msichague hapo kuwa mahali pa kupigia picha. Ajali ikitokea, waarifuni walinzi, ambao huwatoa majeruhi kwa nyumbu kwa kuwa gari haliwezi kuingia. Simu ya dharura ni 112, lakini mtandao ndani ya korongo si wa kutegemewa.

Ili kufungwa kwa siku moja kusiwaharibie safari, wekeni matembezi haya mwanzoni mwa wiki yenu, mbaki na siku za kubadilisha. Na ikiwa hali haitulii upande wa Omalos, lipo Korongo la Imbros, mashariki zaidi. Lina urefu wa kama kilomita nane, hupitwa kwa saa mbili au tatu, na mahali pake pembamba zaidi hapafiki mita mbili kwa upana. Huanzia kijiji cha Imbros, kwenye barabara ya kutoka Chania kwenda Chora Sfakion, na kuishia Komitades, ambako hakuna haja ya boti. Nalo lisiingiwe mvua ikinyesha. Kabla ya kuanza, ulizeni kwenye mgahawa wa kijijini kama njia iko wazi, na mpatane mapema na dereva atakayewachukua Komitades kuwarudisha juu.