Joto Litoke Kwanza, Vifaranga Wafuate

Safari hii tumekusanya maswali ya wasomaji wanaolea vifaranga ndani ya nyumba kwenye bruda, yaani kizimba chenye balbu ya kuwapa joto, na sasa wanataka kuwahamishia banda la nje.

Swali: Habari za kazi. Nina vifaranga 20 wa kuku wa mayai, wana wiki 4. Bruda imewabana, wanarukia ukingoni na vumbi limejaa chumba kizima. Mchana jua linawaka vizuri. Je, naweza kuwatoa sasa?

Jibu: Mchana unaweza, usiku bado. Kifaranga wa wiki 4 humdanganya mfugaji kwa sababu mbawa na mkia vimeshaota manyoya, hivyo kwa mbali anaonekana kuku kamili. Mkamate mmoja, mgeuze chali mkononi, kisha mpulizie kifuani na chini ya mbawa. Ukiona bado kuna malaika, yaani yale manyoya laini ya utotoni, yanafunguka hadi ngozi ya waridi inaonekana, huyo hajawa tayari. Malaika hayawezi kuzuia baridi ya alfajiri, na yakilowa hayasaidii kitu. Wengi humaliza kuvaa manyoya kati ya wiki ya 5 na ya 6, ila mbegu hutofautiana, kwa hiyo amini vidole vyako kuliko kalenda.

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kumwondolea kifaranga joto na makazi siku moja. Ondoa joto kwanza angali kwenye bruda aliyoizoea. Ratiba ya kawaida ni nyuzi 33 hadi 35 za Selsiasi wiki ya kwanza, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki mpaka ifike 21. Kipimajoto kikae usawa wa mgongo wa kifaranga. Kikining'inia ukutani kitakupa joto la ukutani. Wiki moja kabla ya kuhama, zima balbu mchana kwa siku 3, halafu anza kuizima na usiku. Usiku huo wa kwanza, nenda ukawaangalie kama saa tano. Wakiwa wametandaa na wametulia, wamemudu. Wakiwa wamekusanyika lundo moja na wanalia kwa sauti kali isiyokatika, washa, kisha ujaribu tena baada ya siku 2 au 3.

Wakati huohuo, weka kipimajoto ndani ya banda tupu kwa usiku kadhaa na ukisome alfajiri, maana hapo ndipo baridi hufika kilele. Kwa vifaranga waliokamilisha manyoya, nyuzi 18 na kuendelea hazina shida. Ikishuka chini ya hapo, ama wape chanzo cha joto bandani, ama wasubiri wiki moja zaidi.

Kuhusu kubanana, usisubiri kuhama. Vifaranga 20 wa umri huo wanahitaji kama mita 2 za mraba, kwa hiyo panua uzio wa bruda leo. Mchana ukiwa mkavu na joto limezidi nyuzi 21, watoe kwa muda wa saa moja au mbili kwenye kizimba chenye kivuli, maji na wavu juu, kwa ajili ya mwewe.

Swali: Nilihamisha vifaranga 50 wa wiki 6 jioni. Asubuhi nimekuta 7 wamekufa kwenye kona, wamelaliana, hawana jeraha lolote. Ni ugonjwa gani huu?

Jibu: Pole sana. Kwa maelezo yako, huo si ugonjwa; walirundikana na wa chini wakakosa hewa. Hutokea hata kwa vifaranga wenye afya na hata kusipokuwa na baridi kali. Walizoea mwanga wa balbu usiku kucha, ghafla wakawekwa kwenye giza totoro mahali wasipopajua. Kila mmoja alitafuta mwenzake wa kumwegemea, wakasukumana hadi kwenye kona. Wa juu hajui kama anaua. Yeye anatafuta joto tu.

Cha kufanya sasa: ziba kona zote kwa kipande cha ubao laini au katoni ngumu iliyopindwa, kimo kama sentimita 40, ili ukuta uzunguke bila kona. Weka taa hafifu kwa usiku 4 za mwanzo, kisha uipunguze mpaka uizime. Giza likiingia, pita bandani. Ukikuta lundo limeanza, ingiza mikono chini kabisa na uwatoe wa chini kwanza, uwatawanye. Huenda ukalazimika kurudia mara mbili tatu kwa usiku, nasi tunakusihi usione uvivu, kwa kuwa usiku za kwanza ndizo zenye vifo vya namna hii.

Ukihamisha kundi jingine, wahamishe asubuhi. Wapate mchana mzima wa kujua maji yako wapi na pa kulala ni wapi. Nenda na vyombo vyao vilevile vya maji na chakula, hata kama umenunua vipya. Kama hawakuwa na dalili ya ugonjwa, beba na ndoo moja ya maranda makavu kutoka kwenye bruda, uyamwage juu ya maranda mapya. Harufu wanayoijua huwatuliza. Fito za kulalia zikae sentimita 20 hadi 30 kutoka chini, ziwe pana kiasi cha kukalisha mguu vizuri. Wengine watapanda siku hiyohiyo, wengine baada ya wiki.

Swali: Naweza kuwachanja na kuwabadilishia chakula siku ya kuhama, ili nimalize kazi zote pamoja?

Jibu: Hapana. Tarehe za kuhama na chanjo zikigongana, sogeza kuhama. Ratiba ya chanjo ibaki palepale. Chakula nacho kisiguswe wiki hiyo. Zamu yake ikifika, changanya cha zamani na kipya kwa siku 5 hadi 7.

Swali: Siku 5 baada ya kuwahamisha, vifaranga wangu wamejikunyata, wameshusha mbawa, na kinyesi kina damu. Banda lilikuwa la kuku wakubwa, nililifagia tu.

Jibu: Dalili hizo ni za koksidiosisi, ugonjwa wa kuhara damu, na siku 5 zinalingana na muda unaochukua kujitokeza baada ya kifaranga kumeza vimelea. Peleka kinyesi kibichi kwa daktari wa mifugo leo, maana kuchelewa siku moja ni vifo. Dawa inayotumika sana ni amproliamu kwenye maji, kwa kipimo cha kwenye kifungashio, na maji hayo yawe ndiyo pekee wanayokunywa. Usiwape vitamini B1 wakati wa dozi: dawa hii hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini hiyohiyo, kwa hiyo utakuwa unamlisha adui.

Kufagia hakutoshi, na dawa nyingi za kawaida za kuua vijidudu hazipenyi ganda la vimelea hivi. Vinachohitaji ili vikomae ni joto na unyevu, nawe unyevu unaweza kuudhibiti. Zoa matandiko yote, kwangua sakafu, acha ikauke kabisa, ndipo utandaze maranda mapya sentimita 5 hadi 10. Halafu kila siku chota kiganja cha maranda karibu na chombo cha maji, uyafumbate. Yakibaki donge, yana maji mno, yaondoe. Yakisambaratika mara unapofungua kiganja, ni sawa. Chombo cha maji kiinue juu ya matofali, mdomo wake uwe usawa wa mgongo wa kifaranga, na wakikua uinue tena.

Swali: Nataka walale na kuku wakubwa wanaotaga. Banda ni moja.

Jibu: Wagawe kwa wavu kwanza, waonane bila kugusana kwa wiki 2 angalau, na usiondoe wavu mpaka wadogo wakaribie kimo cha wakubwa. Chakula cha kutagia kina kalisi nyingi inayoharibu figo za kuku anayekua. Siku mkiwachanganya, wote wale chakula cha kukuzia, na wanaotaga wawekewe maganda ya chaza ya kuwapa kalisi kwenye chombo chao pembeni.

Swali: Waya wa kuku wa kawaida unatosha kuzuia panya na kicheche?

Jibu: Unazuia kuku wasitoke, basi. Panya hupita kwenye matundu yale, na kicheche huuchana. Tumia wavu mgumu wenye matundu ya sentimita 1.25, uuzike sentimita 30 ardhini au uulaze nje kuzunguka banda. Tundu za hewa ziwe juu ya vichwa vya kuku, nazo zizibwe kwa wavu huohuo.