Sahihi imefifia, mchoro haujafifia: kwa nini?

Swali: Habari mtaalamu. Nakusanya komiki tangu nikiwa shule ya msingi, sasa ninazo kama mia tatu. Miaka minne iliyopita nilinunua ukurasa mmoja wa mchoro asilia kutoka mkononi mwa mchoraji mwenyewe, akanisainia palepale kwa makapeni nyeusi. Niliutia kwenye fremu nikautundika sebuleni. Mchoro bado ni mweusi tititi, lakini sahihi imegeuka rangi ya udongo. Vile vikaratasi vya maneno vilivyobandikwa juu ya mchoro navyo vimeanza kubanduka, vinaacha madoa ya kahawia. Nimwombe mchoraji apitishe kalamu upya juu ya sahihi? Pia baadhi ya mifuko ya komiki zangu inanata na inanuka. Na mwezi ujao nitakutana na mwandishi ninayemhusudu; nataka anisainie toleo la kwanza. Nimpe kalamu gani, na asaini wapi?

Jibu: Nianze na hilo la kupitisha kalamu upya, maana ndilo linaloweza kukuharibia kabisa. Usifanye. Sahihi iliyofifia bado ni sahihi. Ikipitiwa juu, hata na mwenyewe, zinakuwa mbili zilizopishana kwa nusu milimita, na yeyote atakayeishika kwa lenzi baadaye ataona mkono uliokuwa ukifuatisha mstari polepole, kama wafanyavyo waghushi. Mchoraji akiwa radhi, mwombe asaini tena pembeni, kwa penseli, aweke na tarehe.

Sasa kilichotokea. Ukurasa wako una wino wa aina mbili zisizo na undugu wowote. Mchoro, kwa jinsi unavyoueleza, umechorwa kwa wino wa India. Weusi wake ni masizi, yaani chembe za kaboni zilizoshikwa na gundi, na mwanga hauna la kuifanya kaboni. Hati zilizoandikwa kwa wino wa masizi karne nyingi zilizopita zinasomeka hadi leo. Makapeni ni kitu kingine. Rangi yake imeyeyushwa ndani ya kimiminika, na mara nyingi huo weusi ni wa kuchanganya: bluu, nyekundu, njano, kila moja na umri wake. Ukitaka kuhakikisha, chora nukta nene ya makapeni hiyohiyo katikati ya chujio la karatasi, kisha idondoshee spiriti tone moja moja. Nukta itafunguka kama ua, na kwenye kingo utaziona rangi zikiachana. Mwanga hufanya kazi inayofanana na hiyo, ila unazifuta badala ya kuzitawanya. Bluu ikitangulia kufa, kinachobaki machoni ni kahawia. Ndiyo rangi yako ya udongo.

Weusi uliokufa haurudi tena. Athari ya mwanga hujumlishwa: saa moja ya leo inaongezwa juu ya saa zote za miaka minne iliyopita, na kuupumzisha ukurasa gizani hakupunguzi hata dakika moja katika hesabu hiyo. Wauza fremu watakuambia habari ya akriliki, yaani kioo cha plastiki, inayozuia mionzi ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho. Ni nzuri, ninaitumia, lakini inapunguza kasi tu, kwa sababu mwanga wa kawaida tunaouona nao unafifisha. Makumbusho yenye kazi dhaifu za karatasi hushusha taa hadi karibu luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na bado huziondoa ukutani baada ya miezi michache. Sebule yenye dirisha mchana huwa na mwanga mara nyingi zaidi ya huo. Ushauri wangu, ambao wateja hawaupendi: ipige skani nzuri, ichapishe kwa ukubwa uleule, tundika nakala. Asilia iingie kwenye sanduku, ufunue wageni wako wakija. Wakiishika mkononi wataona mengi kuliko wangeona nyuma ya kioo.

Kama lazima itundikwe, basi iwe ukuta usiopigwa na jua, kwa muda, na karatasi isigusane na kioo. Weka kati yake kadibodi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha. Ukurasa ushikiliwe kwa vipembe vya karatasi, si kwa tepu ya aina yoyote, hata ile iliyoandikwa kwamba ni salama.

Vikaratasi vya maneno. Kabla kompyuta haijachukua kazi ya herufi, katika miaka ya 1990, maneno yaliandikwa moja kwa moja juu ya mchoro au kwenye kikaratasi kilichobandikwa, na gundi iliyopendwa ofisini ilikuwa ile ya mpira, kwa sababu kikaratasi kikikosewa unakibandua bila kuchana kitu. Hakuna aliyekuwa anafikiria miaka thelathini mbele. Ukurasa ulikuwa hatua ya kwenda kwa mpiga chapa, basi. Mpira huo ukikaa na hewa hugeuka njano, kisha kahawia, unazama ndani ya karatasi, halafu unakauka na kuachia. Wewe umefika kwenye hatua ya kuachia.

Piga picha kwanza, kila kikaratasi kikiwa mahali pake. Kinachotoka chenyewe kitie kwenye mfuko mdogo wa poliesta (plastiki, si kitambaa), uandike kwa penseli kwenye lebo ya nje kinatoka kwenye kisanduku cha ngapi cha mchoro, ukihifadhi pamoja na ukurasa. Kinachoshikilia bado kiache. Usitumie gundi ya shule, na selotepu usiikaribishe hata chumba hicho. Mhifadhi wa karatasi anaweza kuvirudisha kwa uji wa wanga wa ngano, gundi inayokubali kutolewa kwa maji hata baada ya miaka mingi. Madoa yenyewe ni kazi ya vimiminika vikali kwenye meza yenye feni ya kuvuta mvuke, na hapo kuna jambo la kuudhi: vimiminika vinavyoyeyusha gundi ya mpira vingi vinaweza kuyeyusha na makapeni. Sahihi iliyo karibu na doa humlazimisha fundi aliache doa. Nimewahi kuacha madoa mawili makubwa kwenye ukurasa wa mteja kwa sababu hiyo tu, akaondoka amenuna.

Na tafadhali usifute kitu. Natamka hivyo kwa kuwa wengi, wakishaona madoa, hushika ufutio na kuanza "kusafisha" mistari ya penseli ya bluu, rangi nyeupe ya kusahihishia na maandishi ya mhariri pembeni. Hayo ndiyo maisha ya ukurasa. Uweke chini ya taa iliyolala upande: utaona wino umeinuka kidogo pale brashi ilipolemewa, rangi nyeupe imefanya kivimbe, na chini yake kuna pua ya kwanza ambayo mchoraji hakuipenda. Nakala haina hayo. Ukiwa bado na lenzi mkononi, itazame ile mistari ya bluu. Ikiwa ni ya penseli itaonekana imekwaruza juu ya vinyweleo vya karatasi. Ikiwa imeundwa na vitone vidogo vilivyopangika, imechapishwa na mashine: anayechora kwa penseli alituma skani yake, na mwenzake anayepitisha wino akaichapa kwa bluu na kuchora juu. Si ulaghai, ni utaratibu wa kawaida wa siku hizi, ila maana yake penseli zipo kwenye karatasi nyingine, na hilo ni la kuuliza kabla ya kulipa.

Kuhusu kasoro kwa jumla, zisikunyime usingizi. Mwaka 2021, mjini Paris, mchoro wa Hergé, Mbelgiji aliyemwumba Tintin, uliokusudiwa kuwa jalada la kitabu chake cha mwaka 1936 uliuzwa kwa zaidi ya euro milioni tatu, na mikunjo yake inaonekana wazi: uliwahi kukunjwa na kuwekwa kama barua. Kwa Marekani, mashirika makubwa ya komiki yalianza kuwarudishia wachoraji kurasa zao kwa utaratibu katikati ya miaka ya 1970 tu. Jack Kirby, mchoraji aliyechora maelfu ya kurasa, alivutana na Marvel, moja ya mashirika hayo, hadi 1987 ndipo akapata kurasa takriban 2,000. Kurasa za zama hizo zimepita mikononi mwa watu wengi wasiozijali, kwa hiyo doa la gundi ndilo dogo kati ya yaliyozipata.

Mifuko inayonata ni PVC. Plastiki hiyo hulainishwa kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo hutoka taratibu, ndiyo ule utelezi na ile harufu ya gari jipya. Baadaye plastiki yenyewe hutoa asidi. Zitoe komiki leo. Jalada likiwa limeshikana na mfuko usivute, kata mfuko pande zote ufunguke kama bahasha, kisha bandua plastiki polepole ukiwa umeilaza. Ukiona wino unakuja nayo, simama hapo, peleka kwa fundi. Mifuko mipya iwe ya polipropilini au, kwa zile unazozipenda zaidi, poliesta, ambayo ni kavu, angavu na haina mafuta ya kutoa. Kadibodi ya nyuma nayo huchoka, maana nyingi zina asidi ndani na zimepakwa tu chokaa juu; badilisha kila baada ya miaka kadhaa, mapema zaidi zikianza kuwa njano. Simamisha komiki kwenye sanduku bila kuzibana, sehemu yenye unyevu wa asilimia 35 hadi 50. Unyevu ukizidi, pini za stepla hushika kutu na kutu hiyo huingia kwenye mkunjo.

Tuje kwa mwandishi wako. Kalamu inategemea karatasi unayompa, kwa hiyo amua kwanza mahali. Jalada la kung'aa lenye rangi nyepesi: kalamu ya wino wa pigimenti (chembe za rangi zisizoyeyuka) yenye ncha nyembamba, ila kwenye mng'ao wino huo huchelewa kukauka na huchafuka ukiguswa. Jalada la giza: kalamu ya rangi ya fedha au dhahabu, itikise vizuri na uianzishe kwenye karatasi nyingine, kwani tone la kwanza hupenda kumwagika. Ukurasa wa ndani wa karatasi ya gazeti: pigimenti tu. Makapeni hapo itapenya hadi upande wa pili na kufanya ukungu kuzunguka kila herufi. Bolpeni haipenyi, lakini inachimba, na alama yake itahisika kurasa mbili chini. Mashabiki wa Ufaransa na Ubelgiji huwapa wasanii ukurasa wa mwanzo ndani ya albamu, mara nyingi wakapata na kamchoro kadogo. Nami ningefanya vivyo hivyo, kwa sababu kitabu kikifungwa sahihi inakaa gizani bila wewe kuhangaika.

Tatizo la kusaini ndani ni moja, sahihi haionekani kwa wanaopenda kufungia komiki ndani ya kasha la plastiki lenye alama ya ubora. Ukifikiria njia hiyo, ulizia kabla ya siku yenyewe. CGC, kampuni iliyoanza kupima ubora wa komiki mwaka 2000, imejenga kundi lake la komiki zenye sahihi juu ya shahidi wao aliyeona kalamu ikigusa jalada, na shahidi hawezi kupatikana baada ya tukio. Kama huna mpango huo, mwombe akuandikie na jina lako. Wauzaji watakuambia jina linashusha thamani. Wao wana haraka ya kuuza, wewe una toleo la kwanza la mtu unayemhusudu.

Siku hiyo nenda na kalamu zako mbili, ubao mgumu wa kuwekea komiki, na komiki moja isiyo na thamani yenye jalada la aina ileile ili mjaribie hapo kwanza. Mwonyeshe kwa kidole nafasi iliyo wazi, mbali na nyuso na herufi, kwani asipoelekezwa atasaini popote mkono utakapoangukia. Piga picha akiwa anasaini. Kisha vumilia foleni ikusukume kidogo, komiki ikae wazi mkononi mwako dakika kumi kabla hujairudisha kwenye mfuko.