Maswali yenu: dona nayo inahesabiwa jamani

"Siku hizi nakula dona tu, kwa hiyo ugali sihesabu tena, niko sawa?"

Hauko sawa. Mwenye kisukari anahesabu wanga wa kila chakula, maana ndio unaopandisha sukari ya damu, na dona ina wanga. Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Gramu 100 za unga wa dona zina wanga kama gramu 75 hivi, sembe imezidi kidogo tu, mtama na ulezi nazo zinacheza humohumo. Dona ina pumba, inashibisha, sawa, lakini watu wanabadilisha rangi ya ugali halafu wanaongeza matonge eti huu ni wa afya, kesho yake mashine ya kupima sukari inasoma 15 (mmol/L), iko juu, wanasema mashine mbovu.

"Ugali nitauhesabuje na kila siku unatoka tofauti, mara mgumu mara laini?"

Ndo maana unaanza na unga kabla haujaingia sufuriani, maji yanaongeza uzito ila wanga hayaongezi. Kwangu tuko wanne tunasonga nusu kilo, hiyo ni wanga 375 hivi, ukigawa sawa kila mtu anakula zaidi ya 90, siku ya kwanza kupiga hiyo hesabu nilikaa chini kabisa. Sasa hivi ugali ukiiva naupima wote kwenye mizani ya jikoni, juzi umetoka gramu 1300, nikakata wangu gramu 150, ikaja wanga 43. Wifi yangu alicheka sana ile mizani, siku hizi anaiazima. Huna mizani? Chagua kibakuli kimoja cha kufinyangia ugali wako, kilekile kila siku, usije na hadithi za "ngumi moja", ngumi ya nani?

"Chapati moja ni sawa na slesi moja ya mkate, si ndiyo?"

Kilo ya ngano ina wanga kama 750. Mpishi akitoa chapati 15, kila moja ina 50, hizo ni slesi tatu na zaidi, na wewe umekula mbili na chai ya sukari. Halafu mafuta yanachelewesha sukari kupanda, kwa hiyo ukipima mapema unajidanganya.

"Viazi vitamu niache?"

Usiache, pima. Gramu 100 za kuchemsha ni wanga 20 hivi, muhogo ndo mzito, unakaribia mara mbili yake.

"Sukari ilishuka 3.2, nikakimbilia ugali lakini nikaendelea kutetemeka, kwa nini?"

Dada, ugali unachelewa mno! Ikiwa chini ya 4 unakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida (isiwe ile isiyo na sukari, kuna mtu alifanya hivyo), unasubiri dakika 15, unapima tena. Ugali baadaye. Na uliye nao nyumbani waambie hili leo, maana ukizimia hawatakiwi kukumiminia kitu mdomoni, wakukimbize hospitali.

"Nikihesabu vizuri naweza kuacha sindano za insulini?"

Wewe umesema una kisukari aina ya kwanza, yaani mwili wako hautengenezi insulini. Hapana, na huyo anayekuuzia unga wa majani eti ni dawa mwambie hapana pia.